Kazi ya Kukaa Tu

Mpwa wangu alikuja kuuguza macho kwangu Tegeta, na sijui nani alimshauri. Malori ya saruji yanashuka kutoka Wazo, barabara ya Bagamoyo ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya mwendokasi, na jirani yetu fundi mageti hapumzishi grinda yake hata Jumapili. Nilifunga madirisha, nikamwagia ua maji, nikamlaza chumba cha nyuma.

Upasuaji wake wa leza ulikuwa wa ile aina ya kukwangua kwanza ngozi ya juu ya konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, ndipo leza ichonge kilicho chini yake. Kila pigo la leza huondoa kama robo ya mikroni, na kuchonga kwenyewe hakumalizi dakika mbili. Kinachobaki ni kidonda cha duara, upana wake milimita 8 hivi, mahali penye mishipa ya fahamu iliyosongamana kuliko karibu popote mwilini. Aliyewahi kuingiwa na chembe moja ya mchanga akiwa juu ya bodaboda anaweza kukisia.

Juu ya kidonda hicho daktari huweka lenzi laini isiyo na namba yoyote ya miwani. Huiita lenzi ya bendeji. Mimi jina hilo sikulipenda. Bendeji ninayoijua hunyonya, hubana, hunata, na siku ya kuibandua unauma meno. Hii haina dawa wala haikazi kitu. Imewekwa ikae tu kati ya kidonda na kope, kwa sababu kope, ambayo siku zote ni rafiki wa jicho, sasa ndiyo adui. Inapepesa mara kumi na zaidi kwa dakika, na kila ikishuka ingekomba kilichoanza kuota.

Na kinachoota ni kazi ya fundi. Konea haina damu, kwa hiyo hapafanyiki gaga. Seli zilizo pembeni mwa kidonda hujilaza, huwa bapa, kisha huteleza kuelekea katikati zikiwa zimeshikana, kama fundi lipu anavyovuta mkono wa kwanza mwembamba kufunika ukuta mzima kabla hajafikiria unene. Unene huja baadaye, seli zikishaanza kugawanyika kwa wingi. Kwenye mpaka wa weusi na weupe wa jicho kuna seli shina ambazo kazi yake ya maisha yote ni kuleta mbegu mpya. Ngozi yote hiyo, ikikamilika, ni mikroni 50 hivi, chini ya unene wa karatasi ya daftari.

Siku ya nne asubuhi aliniita kwa sauti ya hofu. “Mjomba, leo naona vibaya kuliko jana!”

Hofu hiyo ilikuwa habari njema. Kingo za kidonda zilikuwa zinakutana katikati, na pale zinapokutana hujitokeza mshono wenye matuta, mbele kabisa ya mboni. Jicho linapona, lakini mwenye jicho anaona ukungu. Matuta yenyewe hujisawazisha polepole, bila mtu kupiga randa.

Ugumu wa lenzi ni vipimo vyake. Ikibana, jicho linakosa hewa, maana konea hupata oksijeni yake kutoka nje, kupitia machozi. Ikilegea, inasugua kilekile inachokilinda. Inayotakiwa ni ile inayosogea kidogo kila kope ikipita, halafu ikarudi mahali pake. Zile za zamani hazikupitisha hewa vizuri; zilizochanganywa silikoni, zilizoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990, ndizo zilizofanya kulala nazo usiku kadhaa kuwe jambo la kawaida. Baba wa lenzi laini, Otto Wichterle wa Czechoslovakia, alizitengeneza za mwanzo nyumbani kwake wakati wa Krismasi ya 1961, kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya mchezo wa watoto na dainamo ya baiskeli. Mafundi wa Gerezani wangemwelewa mara moja.

Kwetu tulikuwa na masharti: maji ya kisima yasiguse uso, mkono usisugue jicho, na matone ni yale ya daktari tu. Matone ya ganzi hapewi mtu kwenda nayo nyumbani hata akilia, kwa sababu yanapoondoa maumivu yanazuia pia seli zisitembee.

Siku ya tano tulikwenda mjini kuitoa lenzi. Mtaalamu alimwangalia kwa makini, lenzi ikiwa bado jichoni. Hakuona jeraha lililobaki wazi. Hata hivyo hakuharakisha. Alimimina matone, akasubiri, akamimina tena mpaka lenzi ikaelea. Ngozi mpya imefunika lakini bado haijashika. Kushika kwake huchukua wiki nyingi, na lenzi kavu ikivutwa inaweza kuondoka nayo. Ndipo akaibana kwa ncha za vidole viwili, akaiweka juu ya tishu.

“Ndiyo hii tu?” mpwa wangu aliuliza.

Ilikuwa tayari inajikunja, ngumu, kama gamba la samaki lililosahaulika kwenye sinia. Mtaalamu alikuwa ameshaanza jicho la pili.