Jeraha, Uhai na Kaisari: Uhakiki wa Istilahi za Mchezo wa Vita vya Sanamu

Makala haya yanakusudia kuhakiki lugha ya mchezo mmoja wa vita vya kubuni, na kupendekeza istilahi zitakazomfaa mfasiri wa Kiswahili. Huenda msomaji akashangaa kuona mchezo ukipewa nafasi katika kurasa hizi, ambazo aghalabu hushughulikia istilahi za sheria, kilimo na sayansi. Lakini kanuni za mchezo ni matini ya amri kama zilivyo kanuni za utumishi: husema nani afanye nini, lini, na akikiuka iweje. Tena zina faida moja kwa mwanaistilahi. Neno bovu katika waraka wa ofisi laweza kukaa miaka bila kugunduliwa, ilhali neno bovu katika kanuni za mchezo huzua ugomvi papo hapo, kwa kuwa wasomaji wake wawili wameketi mezani wakitazamana.

Mchezo wenyewe ni Warhammer 40,000. Ulitungwa na Rick Priestley na kutolewa mwaka 1987 na kampuni ya Games Workshop ya Uingereza, yenye makao yake Nottingham. Kila mchezaji huleta jeshi la sanamu za plastiki, nyingi zikiwa na kimo cha inchi moja na ushei. Sanamu huuzwa vipande vipande. Mwenyewe huviunga kwa gundi na kuvipaka rangi kwa brashi nyembamba, kazi iwezayo kuchukua miezi. Meza ya pambano la kawaida ina inchi 44 kwa 60, na juu yake hupangwa magofu na vilima. Haina miraba kama ubao wa drafti. Mwendo hupimwa kwa futikamba, na hatima ya kila risasi huamuliwa kwa dadu.

Mchezo huu una ukoo. Mwaka 1913, H. G. Wells, yule yule aliyeandika mwaka 1898 riwaya ya viumbe wa Mirihi kuivamia dunia, alichapisha kitabu cha kanuni za kupigana kwa wanasesere wa askari na mizinga midogo ya kufyatua vijiti. Katika kitabu hicho alisisitiza kwamba vita vidogo vya sakafuni ni bora kuliko vita vikubwa, na kwamba aliyevicheza ataona jinsi vita vya kweli vilivyo upumbavu. Mwaka uliofuata Ulaya iliingia katika Vita Kuu. Tuikumbuke habari hii, kwa maana tangu mwanzo mchezo wa aina hii una sauti mbili: moja ya kuagiza vita, na nyingine ya kuvicheka.

Tuanze na sauti ya kuagiza. Neno la kwanza linalotatiza ni jina la kitu kinachochezewa. Mfasiri mwenye haraka ataandika "kete", kwa kuwa lugha yetu inalo neno hilo tayari katika bao. Neno hili halifai hapa. Katika bao kete 64 zinalingana zote, na kete ikiliwa huhamia upande wa aliyeila, ikapandwa katika mashimo yake. Katika mchezo huu kila askari ana sura yake na rangi aliyopakwa na mwenyewe. Akiuawa huondolewa mezani, lakini hurudi nyumbani na mwenyewe. Zaidi ya hayo, katika mashindano ya toleo la kumi, lililotoka mwaka 2023, jeshi lililopakwa rangi kwa kiwango kilichowekwa lilipewa pointi 10 kati ya 100 za ushindi. Basi kitu ambacho rangi yake huhesabiwa katika ushindi si kete. Tunapendekeza "sanamu", na kundi la sanamu zinazoamriwa pamoja liitwe "kikosi".

La pili ni mpangilio wa wakati. Kanuni hutenga muda wa mchezaji mmoja na ule wa wachezaji wote wawili kwa pamoja. Kiswahili kinatosha kabisa hapa: wa kwanza ni "zamu", wa pili ni "duru", kila duru ina zamu mbili, na pambano lina duru tano. Mfasiri asibadilishe maneno haya kwa ajili ya kupendezesha uandishi. Kubadili msamiati ni pambo katika insha. Katika kanuni ni uharibifu.

La tatu ndilo zito zaidi, na hapa lawama yetu inawaendea watunzi wa asili. Neno moja la Kiingereza lenye maana ya jeraha wamelitumia kwa mambo mawili. Kwanza ni jina la hatua: risasi ikishalenga shabaha, dadu hurushwa tena kuona kama imejeruhi. Pili ni jina la sifa ya askari, yaani kiasi cha madhara anachoweza kustahimili kabla ya kufa. Tuchukue mfano wa toleo la 2023. Askari sita wa Kaisari wanawafyatulia wenzao wa aina ile ile risasi 12, mbili kwa kila mmoja. Kulenga kwahitaji dadu ya tatu au zaidi. Kwa wastani risasi 8 zitalenga. Maadamu nguvu ya silaha na ugumu wa mwili vinalingana, kujeruhi kwahitaji nne au zaidi, zinabaki 4. Deraya iliyopunguzwa na silaha hiyo huokoa kwa nne au zaidi, zinabaki 2. Mbili hizo zinatosha kumwondoa mezani askari mmoja tu.

Sasa mfasiri akiita hatua ile "jeraha" na sifa ile "majeraha", mchezaji atasoma kwamba risasi nne zilileta majeraha, na askari ana majeraha mawili. Atawaondoa askari wawili kabla deraya haijajaribiwa. Isitoshe, askari mzima asiyeguswa ataelezwa kuwa "ana majeraha mawili", kauli ambayo kwa Mswahili yeyote ina maana ya mtu anayehitaji bendeji. Tunapendekeza hatua iitwe "kujeruhi", na sifa iitwe "uhai": askari huyu ana uhai mbili, akipungukiwa na zote ameondoka. Hapa tafsiri itakuwa imeshinda asili kwa uwazi, na hakuna dhambi katika hilo. Uaminifu wa mfasiri wa kanuni ni kwa tendo linaloamriwa; kasoro ya lugha ya mwenzake si amana aliyopewa kuitunza.

Tuje kwenye sauti ya pili, ile ya kuvicheka vita. Mchezo umewekwa miaka elfu arobaini baada ya Kristo. Wanadamu wanatawaliwa na mtu aliyekalishwa katika kiti cha dhahabu kwa miaka elfu kumi, si hai wala si maiti, na kila siku watu elfu moja hutolewa kafara ili adumu. Watawala wake huchoma moto kila wanayemshuku, huchukia kila kiumbe kigeni, na huita ujinga fadhila. Watunzi hawasifu mambo hayo, wanayakejeli. Hata hivyo kejeli yao ilisomwa na baadhi ya watu kama sifa, hata mnamo Novemba 2021 kampuni yenyewe ikatoa tamko kwamba dola hiyo ni kejeli na onyo, si mfano wa kuigwa. Ikiwa wasomaji wa lugha ya asili walipotea njia, msomaji wa tafsiri iliyopambwa atafika wapi?

Hatari iko katika majina. Askari maarufu wa mchezo huu, walioundwa upya miili yao na kuvikwa deraya nzito, jina lao la asili linaunganisha anga na askari wa majini. "Wanaanga" haliwezekani, kwa sababu limekwisha kuwa jina la wasafiri wa anga za juu. "Askari wa anga" litadhaniwa ni la jeshi la ndege. Mfasiri aliyekwama atakimbilia "mashujaa wa anga", na hapo amekwisha kosa. Shujaa ni hukumu, si cheo. Yafaa "askari wa anga za mbali": ni jina refu, lakini halimpigii mtu makofi.

Vivyo hivyo mtawala wao. "Mfalme Mtukufu" ni neno la mtumwa wake, si la msimulizi. "Mfalme" peke yake ni dogo, kwa kuwa dola hii ina sayari zisizohesabika. Tunaona "Kaisari" lafaa: wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua kama jina la mwenye nguvu wa mbali anayedai kodi, wala halina harufu ya mapenzi. Adui wa ndani aitwe "mzushi", neno linalomwonyesha pia anayeshtaki. "Kafiri" liachwe, maana lina watu halisi ambao limewahi kuwatukana.

Kanuni yetu kwa ufupi ni hii: neno la sifa lisemwe na mhusika, kamwe lisisemwe na kanuni. Matini yenyewe inaonyesha njia. Kanuni moja ya askari hao ina jina la kiapo kizito. Chini ya jina hilo yameelezwa kwa ukavu mtupu mambo mawili tu: chagua kikosi kimoja cha adui, kisha waweza kurusha tena dadu dhidi yake. Kiapo ni cha askari. Maelezo ni ya mchezo. Mfasiri akiyatia maelezo fahari ya kiapo, atakuwa amejiandikisha jeshini.

Mapendekezo haya si ya mwisho. Jaribio lake ni rahisi: watu wawili wasiojua Kiingereza wapewe kanuni zilizofasiriwa, sanamu na dadu, na mfasiri akae pembeni kimya. Kila watakapobishana, aandike ni neno gani lililowagombanisha. Na kila watakapomsifu Kaisari kwa dhati, ajue kwamba kosa ni lake, akaanze kurekebisha hapo.