Sikio la Kibarazani

Mtwara ni mizani tatu, haimsumbui mtunzi. Mikindani ni nne. Lakini anayetaka kumtungia shairi shangazi yake wa Msangamkuu ajiandae. Jina la mahali peke yake linameza mizani sita, na kipande cha mshororo kina nane tu, kwa hiyo shangazi mwenyewe habaki na pa kukaa. Nimewaona watu wazima wakihangaika na hesabu hiyo, vidole vikipigapiga goti, midomo ikicheza bila sauti, wakitafuta jinsi ya kumpakia mtu kwenye pantoni ya kwenda Msangamkuu ndani ya nafasi ya silabi mbili.

Watu hao hukutana Jumapili baada ya alasiri, kwenye kibaraza cha fundi cherehani, Chikongola, hapa Mtwara mjini. Hawana katiba, hawana mhuri, na kahawa hununua aliyeamka nazo. Yupo mwalimu mstaafu, yupo mama anayeuza samaki Feri, yupo muuguzi, yupo mzee mmoja aliyeshuka kutoka Newala miaka mingi iliyopita, na yupo kijana wa bodaboda ambaye mashairi yake yote yamo ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka. Kila mmoja husoma kwa sauti alichokiandika. Karatasi haipitishwi mkononi, ingawa mgeni huomba. Na aliyesoma haruhusiwi kueleza alikusudia nini mpaka wenzake wamalize kusema walichosikia. Sharti hilo linauma. Bila hilo wangekuwa marafiki wanaosifiana tu.

Msimu wa korosho uliopita, mama wa samaki, ambaye ana mikorosho yake kijijini, alisoma ubeti ulioanza hivi: "Korosho zimedondoka, chini ya mikorosho."

Fundi hakuinua hata kichwa. "Utao umepungua, mama."

Wakahesabu. Ukwapi, kipande cha kwanza, una nane; utao, kipande cha pili, una saba. Jumapili iliyofuata alikuja na dawa: "Korosho zimedondoka, chini mwa mikoroshoni." Nane kwa nane. Mwalimu akakunja uso. Mizani imetimia, alisema, ila lugha imeumia. Hiyo "ni" ya mwisho imebandikwa ili kukopa silabi, na deni linaonekana. Hapo kijana wa bodaboda akauliza swali ambalo halikuhusu mizani kabisa: "Samahani, mama, korosho zikidondoka zitakuwa wapi tena kama si chini?"

Watu walicheka. Mama hakucheka. Alijibu kwa hasira, kama anavyomjibu mteja anayeminya samaki bila kununua: "Ziko chini, na bei haijatangazwa!"

Cherehani ikasimama. Fundi akanyoosha vidole, akahesabu taratibu: be-i-ha-i-ja-ta-nga-zwa. "Korosho zimedondoka, bei haijatangazwa."

Mshororo ule sasa una kaya nzima ndani yake. Tangu stakabadhi ghalani ianze mkoani hapa mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho zake ghalani, hupewa karatasi, kisha husubiri mnada. Anayesubiri ana sare za watoto za kununua, ana deni dukani, ana vibarua waliopalilia shamba kwa ahadi. Mama aliyajua yote hayo tangu mwanzo, ila aliandika kuhusu kivuli cha mti kwa sababu aliamini mashairi huandikwa hivyo. Mizani moja iliyopungua, pamoja na sikio lililokataa kiraka, ndivyo vilivyomtoa pale. Hakuna aliyemtungia. Walimkatalia tu, mara mbili, kwa sababu wanazoweza kuzitaja. Kwangu huo ndio ufundi wenyewe, na ni mgumu kuliko kutunga. Kutunga kila mtu anajaribu; kusikia kosa la mwenzako, kulitaja bila kumvunja, kisha kunyamaza ili alitengeneze mwenyewe, ni wachache wanaoweza.

Dirishani pana nakala iliyopoteza jalada ya Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi kilichotoka mwaka 1954, kabla mwandishi wake hajawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Hufunguliwa ugomvi ukizidi. Lakini ushairi hauishi kitabuni tu, ingawa wasomi wetu huongea kana kwamba ushairi wa Kiswahili umebebwa na majina kumi ya vitabuni. Watazame kurasa za mashairi za magazeti, kuanzia Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923: makarani, walimu na wavuvi walitunga, wakajibizana kwa vina vilevile, wakatia sahihi kwa lakabu, sanduku la posta na jina la mji. Na hapo kwa jirani zetu wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi wa vita vya Maji Maji, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Utenzi husomwa mbele ya watu, na watu wana masikio.

Ugomvi mkubwa nilioushuhudia ulikuwa wa vina. Mzee wa Newala alimaliza mshororo mmoja kwa "bahari" na wa pili kwa "hali". Mwalimu akatoa hukumu: shairi ni guni, vina havilingani. Mzee akasoma tena, na kinywani mwake, ambamo Kimakonde kilitangulia Kiswahili, bahari ilitoka "bahali", na vina vikakaa sawa kabisa. "Mimi sijasikia tofauti tangu nizaliwe," alisema. Mimi niko upande wa mzee. Kina ni mali ya kinywa, na shairi linalosomwa Chikongola lisidaiwe matamshi ya Unguja. Ila siku likipelekwa gazetini, mhariri hatakuwa na masikio ya Newala, na mzee analijua hilo.

Kijana wa bodaboda hana haja na vina. Anaandika mashairi huru, na Mwalimu humvumilia tangu alipoonyeshwa kwamba Kichomi cha Kezilahabi, diwani ya mashairi huru, kilitoka mwaka 1974, kwa hiyo ujana huo si wa jana. Lakini hata yeye hupimwa kwa sikio lilelile: umekata mstari hapa kwa nini? Asipojua, anafuta.

Siku hizi ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, iliyozinduliwa mwaka 2022, na muuguzi anaitolea macho. Ni jambo zuri. Kibarazani haijabadilisha kitu.

Kinachowashughulisha sasa ni fumbo la huyohuyo muuguzi. Amefumba binti aliyezaliwa kwetu, akalelewa ufukweni, akaozwa Dar es Salaam, na mahari yake nyumbani haijaonekana. Wengi walidhani wamelifumbua kabla hajamaliza: gesi ya Mnazi Bay, ambayo bomba lake lilifika Dar es Salaam mwaka 2015, miaka miwili baada ya mji huu kuchafuka kwa ajili yake. Mwalimu anashikilia korosho, zinazopakiwa bandarini zikiwa ghafi zikabanguliwe India, ingawa anaambiwa India si Dar es Salaam. Fundi anasema ni watoto wetu wenyewe, tunaowasomesha wakaondoka. Muuguzi hakubali wala hakatai, maana kwa kanuni aliyefumba hafumbui mpaka majibu yaje kwa shairi, kwa vina alivyovitumia yeye. Majibu yanadaiwa Jumapili ijayo. Bahati mbaya siku hiyo ana zamu, kwa hiyo kijana atayarekodi kwenye simu yake na kumtumia wodini.