"Bomba la Mafuta" ni Lipi?

Mwongozo unaomwagiza fundi wa Mvumi, Dodoma, aondoaye kabureta katika Land Rover kuukuu ili atie mfumo wa kunyunyiza petroli, kwamba "abadilishe bomba la mafuta", haujamweleza kitu. Ni lile linalovuta mafuta tangini, au lile yanamopita? Utata huu una hatari. Mfumo mpya huhitaji shinikizo takriban mara kumi ya lile la kabureta. Akibadilisha kivutaji peke yake, mpira wa zamani waweza kupasuka na kuzua moto. Katika gereji kivutaji huitwa pampu. Mfasiri naye aandike hivyo, na bomba libaki kuwa njia ya mafuta tu.