Udongo Usiopasuka

Let's Create! Pottery, mchezo wa simu wa kampuni ya Infinite Dreams ya Poland, unakupa udongo juu ya gurudumu linalozunguka. Kwa kidole tu unautanua, unaubonyeza, unautoa shingo. Kisha unachoma, unapaka rangi, unauza mnadani, na sarafu unazopata unanunulia rangi na nakshi nyingine.

Uzuri wake ni utulivu. Hakuna adui, hakuna wa kukupiga risasi. Kwetu sisi tuliotoka Kivu, hilo si dogo.

Kasoro yake? Yaani, chungu hakipasuki motoni! Mama alikuwa anafinyanga kwa mikono, bila gurudumu, na siku ya kuchoma nyumba nzima ilinyamaza. Kimoja kikilia “ta!”, chumvi ya wiki imeenda. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mchezo huu haujui hata gae ni nini.

Tangu tufike Nakivale, mama hajafinyanga kitu. Juzi nilimpa simu. Akavuta shingo ya chungu, akacheka: “Hawa hawajakanyaga udongo.” Lakini hakunirudishia mpaka chaji ilipoisha.