"Milia" Si Kivumishi

Neno milia, kama litumikavyo katika punda milia, limezoeleka kuitwa kivumishi. Mazoea hayo hayana msingi. Punda awe mmoja au wawe mia, ni punda milia. Hakuna asemaye punda mlia. Hilo ni jina katika hali ya wingi, lililogandamana na jina jingine hata yakawa jina moja la mnyama. Atakayejibu kwamba safi na hodari navyo havichukui upatanisho akumbuke kuwa safi huandamana na jina lolote: mtu safi, nyumba safi, maji safi. Milia haina uhuru huo. Chui milia lipo, lakini nalo ni jina la mnyama. Shati milia halisemwi.

Ubishi huu si wa wanaisimu peke yao. Huko Mayoni, Kakamega, Oluwanga ndiyo lugha ya nyumbani, na Kiswahili hupatikana zaidi shuleni na sokoni. Sokoni hakuna tatizo: blanketi ni la milia, paka ni mwenye milia. Kihusishi -a hutaja aina ya kitu, -enye hutaja alama aliyo nayo mwenyewe, na tofauti hiyo wasemaji huilinda bila kufundishwa. Shuleni, mtoto aliyeambiwa kuwa milia ni kivumishi ataandika ng'ombe milia, naye atakatwa alama kwa kuifuata kanuni aliyopewa. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima la mtihani wa shule za msingi mwaka 1985, kosa la namna hii lina gharama.

Wafasiri nao hujitaabisha bure. Wakikuta katika lugha ya kigeni neno moja lililounga rangi na mstari, hutafuta neno moja la Kiswahili, na wasipolipata huunga maneno kwa vistari. Mwenye milia myeusi yatosha kabisa. Yaliyo magumu ni hayo myeusi. Mlia hautaji rangi, na weusi wa Kiswahili si kila rangi iliyokolea: milia ya paka wengi ni ya kahawia. Tena ngozi ya punda milia chini ya manyoya ni nyeusi, na manyoya meupe huota pale ambapo rangi imezuiwa. Ashikaye kalamu hana budi kuamua kwanza lipi ni vazi na upi ni mlia.