Okidi za Miti Iliyoanguka

Mzee alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, mguu mmoja ameukunja, mwingine ameunyoosha, na mapajani mwake pamelala gogo la mwembe lenye urefu wa mkono. Kidoleni ameviringa ukindu uliolowekwa, ule ule wa kusukia mikeka. Aliuzungusha mara tatu kwenye gogo, akaupitisha baina ya mashina ya okidi yaliyonenepa mithili ya miwa michanga, akaukaza kwa meno, akafunga fundo. Kisha akalitikisa gogo. Okidi haikucheza. Ilikuwa saa tatu ya asubuhi hapa Garsen, jua limeshaanza ukali wake, nami nimesimama langoni robo saa nzima sijakaribishwa, maana mwenye kazi alikuwa hajainua macho.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kununua au kutazama?"

"Kutazama."

"Basi kaa. Wanaonunua ndio husimama."

Nilikaa. Nilikuwa nimekuja kwa aibu kidogo, kwa sababu kabla ya kufika kwake nilikuwa nimeua. Mwaka mmoja nyuma nilinunua okidi katika duka moja la maua Nairobi, ile yenye maua mapana yanayofanana na vipepeo, imepandwa kwenye chungu cha plastiki na kufungwa utepe. Nilimwuliza muuzaji inataka nini, akaniambia inataka hela ya chungu mbali. Nikaipakata kwenye basi kutoka Nairobi hadi Mombasa, kutoka Mombasa hadi Malindi, na kutoka Malindi hadi hapa, nimeikinga na upepo wa dirishani kama mtoto mwenye homa. Haikumaliza mwezi. Ilizaliwa katika nyumba ya vioo, ikalelewa kwa kipimo cha joto na kipimo cha maji. Joto letu la Machi lilikuwa kwake hukumu.

Baada ya msiba huo nikasema nijifunze kwanza, nitafute bustani au kitalu cha kutembelea kabla ya kufungua pochi tena. Wenzangu walinishauri nipande bara, Limuru, Brackenhurst, kwenye msitu wa miti ya kienyeji uliooteshwa upya kwa mkono wa mtu. Ni mahali pazuri mno, na anayependa miti asikose kupaona. Lakini mwanafunzi wa Garsen atajifunza nini kwenye ukungu wa mita elfu mbili na zaidi juu ya bahari, amevaa sweta? Kenya ina aina zaidi ya 200 za okidi za mwituni, na kila moja ina kwao. Iko jamii moja ya maua meupe ambayo ndani yake kuna ndugu wawili: mmoja amepewa jina la msafiri Joseph Thomson, naye hukaa nyanda za juu zenye baridi, mwingine amepewa jina la John Kirk, yule balozi wa Uingereza huko Zanzibar aliyependa mimea kuliko ofisi, naye ni wa pwani. Ukimtoa mmoja ukampeleka kwa mwenzake, utazika.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza kwa anayeanza ni kwamba aende kwenye kitalu ambacho mwenye kitalu anatokwa na jasho lile lile linalomtoka yeye. Kizuri cha mbali atakitazama baadaye, akishajua kutofautisha mzizi ulio hai na uliokufa.

Mzizi, kwa kweli, ndio uliochukua asubuhi yangu yote. Nilidhani nitaonyeshwa maua. Mzee hakuwa na ua hata moja siku ile, wala hakuona haja ya kuniomba radhi. Alinipa okidi iliyoning'inia kwenye kipande cha kumbi la nazi, mizizi yake imetawanyika hewani, rangi ya majivu. Akachota maji kwa kata kutoka kwenye pipa la maji ya mvua (ya mto hayatumii, yana tope, asema, tope huziba pumzi) na kuyamwaga taratibu. Mbele ya macho yangu ile mizizi ya majivu ikageuka kijani, kwanza madoa, kisha yote, kama kitambaa kinachoingia kwenye rangi. Miwili ikabaki kijivu. Akanishikisha. Iliyogeuka ilikuwa imara, ina ubaridi. Ile miwili ilibonyea kama ganda la kitunguu, tupu ndani.

"Hii imekufa tangu kaskazi iliyopita," alisema. "Mwenye duka angeikata usiione. Mimi naiacha. Inasaidia kushika."

Nimetembelea vitalu kadhaa tangu hapo, na kila nikifika sehemu jicho langu huenda kwanza chini ya mimea, si juu yake. Mtaka cha mvunguni huinama. Mtaka okidi huinama na kuinua shingo pia. Nikiona kitalu ambacho kila mmea unachanua na hakuna hata kona moja ya wagonjwa, hunijia shaka. Wagonjwa wamefichwa wapi? Kwa mzee wapo hadharani, wamepangwa chini ya kivuli cha mkwaju, nao hupewa maji ya mwisho ili wasiwaambukize wazima.

Lakini si mizizi iliyonirudisha kwake mara ya pili na ya tatu. Ni vile vibati.

Kila okidi ya mzee ina kibati kilichokatwa kutoka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, kimetobolewa tundu la uzi, na maandishi yamepigwa kwa msumari, nukta kwa nukta. Mimi niliyetoka mjini nilitegemea kusoma jina la aina. Bustani zote za wasomi huandika hivyo, Kilatini juu, nchi chini. Vibati vya mzee havitaji aina. Vinataja mti. "Mkuyu, Ngao, mafuriko 2018." "Mkwaju, njia ya Witu, tingatinga." "Mkuyu, Elnino." "Mwembe wa shangazi, makaa." Mzee hapandi mti uliosimama kutoa okidi. Husubiri mti uanguke, au uangushwe, ndipo huenda na panga fupi na gunia, akavua wageni wake.

Wageni ndilo jina analoziita, zote kwa jumla. Wageni wa mti. Nilipomwambia kwamba watu wengi hudhani okidi hunyonya mti, alicheka hadi akakohoa. Mgeni huyu hali chakula cha mwenyeji, anaomba mahali pa kukaa tu. Siku ya tatu hapewi jembe kwa sababu jembe lake amekuja nalo. Na akanionyesha: okidi kubwa ya madoa, ile ambayo wazungu huifananisha na chui kwa maua yake ya manjano yenye mabaka ya kahawia, ina mizizi ya namna mbili. Ya chini hushika gome. Ya juu husimama wima, myembamba na mikali kama sindano, maelfu yamebanana kuwa kikapu. Jani la mkuyu likianguka linanaswa humo, mavi ya ndege yananaswa, vumbi linanaswa, kila kitu kinaoza polepole na kuwa mboji. Yaani mmea umejijengea kitalu chake wenyewe angani. Jina lake la kitaalamu limetokana na John Ansell, mtunza bustani wa Kiingereza aliyeikuta katika kisiwa cha Fernando Po mnamo 1841. Nimefurahi kwamba angalau hili halikupewa gavana.

Mwaka huo huo wa 1841, katika bahari yetu hii hii, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kisiwani Réunion, Edmond Albius, aligundua namna ya kuozesha ua la vanila kwa mkono. Nalitaja hili kwa sababu vanila nayo ni okidi, na wanaokwenda kutembea kwenye mashamba ya viungo ya Zanzibar, huko Kizimbani, huonyeshwa karafuu, hiliki na mdalasini, wakapita kwenye mtambaazi ule bila kuambiwa kwamba ni okidi. Kwa mgeni wa fani hii, shamba la vanila ni skuli bora kuliko maonyesho ya maua. Ua hufunguka asubuhi moja tu. Mmea uliletwa kutoka Meksiko, nyuki wake wakaachwa huko, kwa hiyo ni lazima mtu aamke alfajiri, apite ua kwa ua na kijiti chembamba kama mwiba wa mndimu, ainue utando unaotenga dume na jike, kisha abane kwa dole gumba. Sekunde chache. Akikosea, ua linanyauka na kudondoka. Akipatia, atangoja miezi minane au tisa ganda likomae. Dunia nzima ikajifunza ujanja wa Edmond, matajiri wakatajirika zaidi. Yeye alikufa maskini mnamo 1880.

Mbegu za okidi ni habari nyingine. Ni vumbi, hazina akiba ya chakula hata ya siku moja, na mwituni haziwezi kuota mpaka kuvu fulani azikubali. Mmarekani Lewis Knudson ndiye aliyeonyesha mnamo 1922 kwamba zinaweza kuoteshwa ndani ya chupa kwa sukari, na tangu hapo vitalu vikubwa vya dunia vimekuwa vya chupa. Sina ugomvi na chupa. Okidi ya chupa haikung'olewa msituni, na hilo ndilo swali ambalo kila mtembeleaji anapaswa kuliuliza bila haya: mmea huu mmeupata wapi? Okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, unaotumika tangu 1975. Muuzaji mwenye kazi safi atajibu kwa fahari na kwa urefu. Mwenye kazi chafu atakuuliza kama unataka moja au mbili.

Mzee hana chupa. Ana subira na kisu. Fungu likishakuwa kubwa huligawa, wala hakubali kutenga mashina pungufu ya matatu, maana shina moja, asema, ni yatima. Huacha kidonda kikauke kivulini siku kadhaa, akakipaka majivu. Ndipo huja ukindu. Nilimwuliza kwa nini asitumie waya au kamba ya nailoni, zinauzwa pale pale sokoni Garsen. Akaniangalia kama ninavyomwangalia mtu anayetia sukari kwenye wali. Waya haujui kuachia. Ukindu hushika mwaka mmoja, na mwaka huo ukiisha huwa umeoza. Kama mzizi haujashika gome kwa muda huo, hautashika tena.

Sasa mikindu yenyewe inapungua, na hapo ndipo mazungumzo yetu kila mara huishia, hata yangeanza kwa furaha namna gani. Mto wetu, Tana, una urefu wa kilomita kama elfu moja, na misitu iliyousindikiza ilizoea kunywa kwa zamu: mto unafurika, unarudi, unahama njia, unaacha ziwa nyuma yake na udongo mpya. Mabwawa yalianza huko juu, Kindaruma mwaka 1968, Masinga 1981, na mengine yakafuata. Mafuriko ya kulisha msitu yakapungua, yakabaki yale ya hasira. Walitengewa hifadhi mwaka 1976 mbega wekundu na kima wa aina ambazo haziko kwingine duniani. Okidi hazikutengewa kitu. Ziliishi juu ya matawi yale yale, na hatima yao ni ya matawi. Wapokomo waliochonga mitumbwi walichagua mti mmoja kwa macho, wakauzunguka, wakaujua. Msumeno wa siku hizi hauzunguki mti.

Kabla ya daraja la Garsen, wakati wa kivuko, abiria wa Lamu walikuwa wakingoja zamu ukingoni kwa saa nyingi, hawana la kufanya ila kutazama juu. Mzee anasema wengi waliziona okidi hapo hapo, kwenye mikuyu ya gatini, na jioni harufu yake iliwafuata majini. Leo magari hayasimami. Yanayosimama, husimama kwa vijana wenye magunia, wanaouza mafungu mazima yaliyochopolewa na gome lake, mizizi imevunjika, hayana kibati wala habari. Mnunuzi anafunga buti, anaondoka na maiti ambayo bado ina majani.

Safari yangu ya mwisho mzee alinipa mashina matatu. Hakuchukua hela. Alinipa pia ukindu wa kutosha na kibati, akanisomea masharti: upande wa mashariki wa mti, usinyweshe wiki ya kwanza, usiiguse. Kibati kimeandikwa "Mkuyu, Hewani." Nimemfunga mgeni wangu kwenye mwembe wa nyuma ya nyumba, kwa kimo cha macho. Ukindu wa kwanza umeshaoza na kuanguka. Mizizi miwili imelala juu ya gome na kulishika; wa tatu bado unatafuta, ncha yake kijani kibichi, umepinda kidogo kuelekea kwenye ufa. Jirani ameniuliza mara mbili kama mwembe ule nauuza. Wachoma makaa, asema, wanatoa bei nzuri.