Kimombo Kibovu na Kisingizio cha Tutuola

Mwonyeshe mwandishi chipukizi wa hapa Mpwapwa makosa ya Kimombo katika hadithi yake, jibu liko mdomoni: "Mbona Tutuola aliandika hivyo hivyo na Wazungu wakamchapisha?" Hoja hii imekuwa ngao yetu vijiweni. Tuichambue basi, maana wapo wanaojificha nyuma yake, na wapo walioacha kabisa kuandika kwa sababu ya kuchekwa.

Kweli, Amos Tutuola wa Nigeria, aliyesoma shule miaka michache tu, alichapishiwa The Palm-Wine Drinkard mjini London mwaka 1952. Mshairi Dylan Thomas aliisifia gazetini. Wasomi wengi wa Nigeria waliona haya, wakidhani Wazungu wanawacheka. Lakini wanaomtaja husahau jambo moja: nyuma ya sentensi zile kuna masimulizi ya Kiyoruba, yenye mwendo wake tangu mwanzo hadi mwisho. Ukizinyoosha, msimulizi anapotea.

Ken Saro-Wiwa naye alitoa Sozaboy mwaka 1985, akaiita mwenyewe riwaya ya Kiingereza kibovu. Msimulizi ni kijana aliyeingia jeshini asijue vita ni nini, na lugha yake imevurugika kama akili yake. Sasa sikia: Saro-Wiwa alisomea Kiingereza Chuo Kikuu cha Ibadan. Alivunja kitu alichokijua.

Turudi kwetu. Shule ya msingi wengi tumesoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza ghafla kila kitu ni Kimombo. Wengine nyumbani ni Kigogo kwanza. Ndipo tunapata "the man whom I saw him". Sentensi hii haikutoka hewani. Kiswahili husema "mtu niliyemwona", na ile "m" iliyo ndani ya kitenzi ndiyo inayotuletea "him" ya ziada. Anayekosea hivyo si mjinga, ila anafikiri kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine.

Hata hivyo, kosa lina gharama. "Alimpiga" haisemi kama aliyepiga ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Ukiandika ugomvi wa mke na mume huku "he" na "she" zikibadilishana ovyo, msomaji hajui nani kampiga nani. Hadithi yako nzima inasimama kwenye kofi lile, halafu kofi halina mwenyewe! Hapo sarufi si urembo, bwana. Ni maana yenyewe.

Lakini wenye kalamu nyekundu nao wasishangilie. Sarufi safi peke yake haitengenezi hadithi. Katika Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994), mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, Kiingereza kimenyooka na maneno ya Kiswahili yamo humo humo. Yusuf anamwita tajiri Aziz "uncle". Kumbe si mjomba wala ami: baba mtu anadaiwa, na mtoto ni rehani. Neno moja la heshima limeficha utumwa. Hakuna kitabu cha sarufi kinachofundisha hilo. Linatoka kwa mtu anayejua jinsi watu wa kwao wanavyoitana.

Na anayeona Kimombo kinamzuia, njia ya Kiswahili ipo. Gabriel Ruhumbika alianza na Village in Uhuru mwaka 1969 kwa Kiingereza, baadaye akaandika Miradi Bubu ya Wazalendo kwa Kiswahili. Ila asidhani huko hakuna sarufi. Msomaji wa Kiswahili hasamehi "kitabu imepotea".

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, ukiambiwa umekosea usikimbilie kwa Tutuola. Chukua sentensi ile, irekebishe, kisha soma tena kwa sauti. Kama kuna kitu kimekufa, irudishe ilivyokuwa na uitetee. Kama hakuna kilichopungua, lile lilikuwa kosa tu. Lifute, uendelee na hadithi.